Barua kwa mwanangu aliyeko Moroni

Unguja, mfunguo nne 1447
(Julai 2025)

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Baba yako goti linamsumbua, lakini swala ya alfajiri haimpiti msikitini.

Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema wenzako kazini wanajitayarisha kwenda kutazama sherehe za miaka 50 ya uhuru wa Komori, nawe unatamani kwenda, ila kijana mmoja mnayeswali naye amekwambia Muislamu hana nchi, ana umma tu, na kuishangilia bendera ni ujahili. Ukamaliza kwa kuniuliza, "Mama, wewe unaonaje?" Jambo hilo sikutaka kulijibu kwa simu. Kaa kitako usome.

Julai 6 mwaka 1975 ilikuwa Jumapili, kama itakavyokuwa mwaka huu. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, tunakaa Kariakoo, Dar es Salaam. Babu yako alikuwa barazani anadarizi kofia ya watu, subana kidoleni, miwani imemshukia puani. Jua linakaribia kuchwa, akaja jirani yetu, naye Mngazija, anahema: Moroni wametangaza uhuru! Babu yako hakupiga kelele. Aliichomeka sindano kwenye kitambaa, akavua subana, akaenda kutia udhu. Aliporudi alielekea kibla akaenda sijida ya shukrani, moja tu, lakini ndefu. Mimi nilisogea nikainama karibu yake kama wafanyavyo watoto, nikamsikia anaomba kwa Kingazija, taratibu. Sikushika yote. Nilichoshika ni majina manne, ya visiwa vya Komori: Ngazidja, Nzwani, Mwali, Maore (ndiyo Mayotte). Aliyarudia na kuyarudia. Alipoinuka, kipaji cha uso kilikuwa na alama za ukindu wa mkeka, na ndevu zimelowa.

Usiku ule alirudi kwenye kofia yake akaimaliza kwa taa ya chemli, kwa sababu mwenyewe alikuwa ameahidiwa asubuhi.

Babu yako hakuwa mtu wa siasa za maneno. Lakini Wangazija wa Tanganyika walipoanzisha chama cha MOLINACO mwanzoni mwa miaka ya 1960, kuidai Komori kwa Mfaransa, yeye alikuwa akitoa shilingi zake kutoka kwenye pesa ya kofia, na bibi yako akimnung'unikia kwamba mchele umekwisha. Nchi yenyewe aliiacha kijana, na hakujaaliwa kurudi. Basi yule rafiki yako anaposema mapenzi ya nchi ni ujahili, mimi kipaji kile chenye alama za mkeka ndicho kinachonijia.

Nakujibu sasa kwa dini, maana dini ndiyo uliyoniulizia. Utawasikia watu wakisema, "Kuipenda nchi ni katika imani", wakidai ni hadithi ya Mtume. Usiyatumie maneno hayo kumshinda mwenzako, kwa sababu wanavyuoni wa hadithi wameyakataa, hayana asili kwa Mtume (s.a.w.). Wala hatuyahitaji. Tunayo yaliyo sahihi. Mtume alipotolewa Makka aliuambia mji ule kwamba hakuna mji ulio mzuri na unaopendeza kwake kuliko huo, na lau watu wake wasingemtoa asingekaa pengine. Hiyo iko kwa Tirmidhi. Na alipofika Madina aliomba, kama ilivyo kwa Bukhari, "Ewe Mola, tupendezeshee Madina kama tunavyoipenda Makka, au zaidi." Tazama hapo, mwanangu. Mji uliomfukuza bado aliupenda, na mji uliompokea akauombea mapenzi. Sisi ambao babu zetu walitoka Ngazidja wakapokewa huku tunayaelewa maneno hayo kwa ndani. Mwanachuoni Sayyid Ahmad bin Sumayt alizaliwa Itsandra, Ngazidja, mwaka 1861, akaja kuwa kadhi Zanzibar hadi kufa kwake 1925. Nani atasema alikuwa na nchi moja tu ya kuipenda?

Nawe ukisoma Suratul Baqara, aya ya 126, tulia hapo. Nabii Ibrahim anaomba mji wa Makka uwe wa amani, kisha anaomba riziki, na riziki anawaombea wale waliomuamini Allah na siku ya mwisho. Mwenyezi Mungu anamjibu kwamba hata aliyekufuru atamstarehesha kidogo, kisha hesabu yake iko kwake. Riziki ya mji Mola hakuifunga kwa wema peke yao. Aya hii naipenda sana, kwa sababu inanikataza kudhani nchi ni ya wanaofanana nami.

Lakini na wewe usidanganyike upande wa pili, ukadhani nchi ikivaa dini basi imeshakuwa na dini. Mwaka 1996 Komori ilitengeneza bendera ya kijani yenye mwezi na nyota nne, na pembeni yake imeandikwa kwa Kiarabu jina la Allah na jina la Muhammad. Ami yako mmoja aliitundika sebuleni, anaipita kwa adabu kama anayepita mbele ya msahafu. Mwaka uliofuata, Agosti 1997, Nzwani ikatangaza kujitenga, na Waislamu wakaelekezeana bunduki ndani ya nchi ya bendera ile. Watu wa Nzwani walikuwa na malalamiko ya kweli. Walijiona wametupwa, kila kitu Moroni. Jina tukufu lilikuwa juu ya kitambaa na uadilifu haukuwepo ardhini. Walikuja kupatana Fomboni, kule Mwali, Februari 2001, kwa kukubali kila kisiwa kiwe na mamlaka yake. Bendera utakayoiona Jumapili ni ile iliyotoka kwenye mapatano hayo: mistari minne ya rangi, kila kisiwa na wake, mwezi na nyota nne. Majina yameondolewa. Ami yako alilia. Mimi niliona afadhali, yasije yakapeperushwa tena juu ya dhuluma.

Nyota ya nne, ya Maore, ndiyo inayoniuma. Katika kura ya Desemba 1974 visiwa vyote kwa pamoja vilitaka uhuru kwa karibu asilimia 95, lakini watu wa Maore walio wengi walikataa, na Mfaransa akahesabu kisiwa kimoja kimoja. Umoja wa Mataifa uliipokea Komori Novemba 1975 ikiwa ni visiwa vinne. Maore ikabaki kwa Ufaransa, na tangu 2011 ni mkoa wake kamili. Huko Moroni utasikia watu wakiwatukana watu wa Maore kuwa wasaliti. Usiwemo. Ni Shafii kama sisi, wanasoma maulidi yale yale, na wengi wao wana mama mdogo Nzwani. Tangu Ufaransa ilipoweka viza mwaka 1995, maji yale ya kilomita 70 hivi kati ya Nzwani na Maore yamemeza watu kwa maelfu, ndani ya vile vidau vya injini wanavyoviita kwassa-kwassa. Wajawazito wamo. Watoto wachanga wamo. Wengine hawakupatikana hata wakaswaliwa. Katika siku ya uhuru, mtu akiniuliza nani wa kukumbukwa kwanza, nitawataja hao kabla ya marais.

Nenda, mwanangu. Simama na wenzako, na wimbo wa taifa ukipigwa usikilize maneno yake, "Udzima wa ya Masiwa". Masiwa ni visiwa, hilo umeshalijua. Udzima kwao ni umoja, lakini mimi kila nikilisikia neno hilo sikio langu la Kiswahili linasikia uzima, na sioni kama sikio langu limekosea. Ukiona la batili, mlevi au matusi, ondoka, kama ungeondoka harusini.

Ila kabla ya hayo, alfajiri ya siku hiyo, nataka uende msikiti wa Ijumaa wa zamani, ule mweupe wa matao, pale bandarini. Swali jamaa, kisha ukibaki peke yako nenda sijida moja ya shukrani kwa niaba ya babu yako. Kiarabu si lazima, wala Kingazija chako usikionee haya. Vitaje visiwa vyote vinne. Ukichoka, ukitaka kufupisha, anza na Maore.

Huyo kijana wa msikitini mkaribishe chakula, usibishane naye. Msalimie shangazi yako wa Itsandra, mwambie karafuu zake nimezituma kwa mtu anayesafiri Jumatano. Baba yako anauliza kama mvua zimepungua, na kama unalala kwenye chandarua.

Wabillahi tawfiq,
mama yako.