Barua ya wazi kwa mjomba anayetaka kuzaliwa mara ya pili

Shikamoo Mjomba,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia, na video nimeitazama mpaka mwisho: yule jamaa wa koti jeupe anayesema matajiri wameshagandisha vipande vya ngozi yao ili wakichakaa watengenezwe upya kwa kukloniwa, yaani nakala yao yenye vinasaba vilevile izalishwe kutokana na seli yao. Umeniuliza, kwa vile mimi ndiye mwalimu wa baiolojia wa ukoo, kama jambo hilo linawezekana kweli, na kama kiwanja cha barabarani kikiuzwa hela itatosha. Nakujibu hadharani kwa sababu hauko peke yako. Video hiyo imezunguka magrupu yote, na kwenye letu kuna mtu kaandika "Amina" chini yake.

Kiwanja usiuze. Mpaka leo hakuna binadamu aliyethibitika kuzaliwa kwa njia hiyo. Desemba 2002 kampuni iitwayo Clonaid, ya watu wa madhehebu ya Raël wanaoamini kuwa binadamu tuliumbwa na viumbe kutoka sayari nyingine, ilitangaza kuwa mtoto wa kwanza wa kloni amezaliwa, wa kike, jina lake Eve. Watu wakasubiri kipimo cha vinasaba. Wanasubiri bado. Mtaalamu mmoja wa Korea Kusini, Hwang Woo-suk, alitukuzwa kwao kama shujaa kwa kudai kuwa ametoa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli ya aina yoyote, kwenye viinitete vya binadamu vya kloni. Ikaja kubainika kuwa matokeo yalipikwa, na Januari 2006 jarida la Science likazifuta makala zake. Koti jeupe lisikutishe.

Kilichowahi kufanyika kweli ni hiki. Tarehe 5 Julai 1996, kwenye Taasisi ya Roslin karibu na Edinburgh, Uskoti, alizaliwa kondoo Dolly. Ian Wilmut, Keith Campbell na wenzao walichukua seli ya kiwele cha kondoo wa miaka sita. Wakachukua na yai la kondoo mwingine, wakalishikilia chini ya hadubini kwa ncha ya mrija wa kioo, kisha kwa mrija mwembamba zaidi wakakifyonza kiini chake chenye vinasaba. Yai likabaki zima, ila halina tena maelekezo ya nani azaliwe. Ile seli ya kiwele ikawekwa ubavuni mwa yai, ukapitishwa umeme kidogo, vikaungana, na yai likaanza kugawanyika kana kwamba dume limepita. Kiinitete kikapandikizwa kwa kondoo wa tatu, wa aina yenye uso mweusi, naye akazaa mwana mwenye uso mweupe. Hapo ndipo watu wa Roslin walipojua wamefanikiwa, kabla hata ya vipimo.

Mayai yaliyoungwa yalikuwa 277. Viinitete vilivyofaa 29, kondoo waliopandikizwa 13, aliyezaliwa mmoja.

Sasa sikiliza kipande ambacho jamaa wa video amekiruka. Yule kondoo aliyetoa seli alikuwa ameshakufa Dolly alipozaliwa; kilichobaki kwenye jokofu ni seli zake tu. Dolly alikuja duniani mwanakondoo kama mwanakondoo yeyote, miguu inatetemeka, anatafuta ziwa. Yule wa zamani hakuamka kokote.

Wewe una miaka sitini na kitu. Tuseme mambo yote yameenda sawa, mimba imekaa, mtoto katoka salama. Utakachokabidhiwa ni kichanga cha kubadilishwa nepi. Akifika darasa la saba wewe unakaribia themanini, na magoti ni yale yale, presha ni ile ile. Hakuna siku utakayolala mwilini mwako ukaamkia mwilini mwake.

Ujana wako umeuacha kwenye mashamba ya mkonge, kwa hiyo haya unayajua kuliko mimi. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida; iliyofika hai pwani ya Tanga ilikuwa 62, na kilimo cha mkonge cha nchi hii kikaanzia hapo. Mbegu haikuhitajika. Mkonge ukikomaa hutoa mlingoti, lile shina refu la maua, mara moja tu, na juu kwenye matawi yake huota miche midogo yenye vinasaba vilevile vya mama. Inadondoka, inaokotwa, inapelekwa kitaluni. (Najua utanikatiza: siku hizi wanapanda chotara wa kituo cha utafiti cha Mlingano. Naye huzalishwa hivyo hivyo.) Na mama akishatoa mlingoti anafanyaje? Anakufa. Visiki vyake umeving'oa kwa mikono yako. Hekta kwa hekta za kloni, na hakuna hata mmoja uliomwokoa mamaye.

Utasema basi angalau atakuwa wewe mtupu, sura na akili. Sura ndiyo, kwa kiasi kikubwa, japo nayo ina vituko vyake. Desemba 2001 Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimkloni paka wa mabaka ya rangi tatu. Aliyezaliwa, wakamwita CC, hakuwa na baka hata moja la rangi ya chungwa. Paka jike ana kromosomu X mbili (kromosomu ni nyuzi zinazobeba vinasaba) na kila seli huzima mojawapo. Seli iliyomtoa CC ilikuwa imeshaizima ile yenye chungwa. Vinasaba vilevile, koti jingine. Mwimbaji Barbra Streisand wa Marekani naye alimkloni mbwa wake aliyekufa mwaka 2017. Akabaki na wawili wa sura ile ile, na mwenyewe akakiri kuwa tabia zao si za yule wa kwanza. Huduma hiyo huko kwao inagharimu kama dola 50,000 kwa mbwa mmoja. Kwa mbwa, Mjomba.

Akili na tabia ndiyo kabisa usihesabu. Wewe umetengenezwa na babu aliyekuchapa, na njaa ya miaka ile, na kuzikwa kwa kaka yako, na jioni za redio moja mtaa mzima. Huyo atalelewa na simu.

Tena kila ukoo una kloni wake toka zamani. Mapacha wa kufanana wametoka kwenye yai moja, nao wanakaribiana kuliko utakavyokaribiana na huyo wako: wamekaa tumbo moja wakati mmoja, na hata mitokondria zao, vile viwanda vidogo vya nguvu ndani ya seli, zimetoka kwa mama mmoja, wakati za mtoto wako zingetoka kwa mwenye yai. Lakini Kulwa akifa, nani amewahi kwenda msibani akamwambia mama mtu "usilie sana, nakala unayo"? Mama analia mtu aliyekuwa mmoja tu, ingawa mwenzake amekaa pale pale mkekani na sura ile ile.

Najua unapoelekea, maana wewe ni mfanyabiashara. Utaniuliza: na figo? Hapo sikudanganyi, hoja unayo. Figo ya kwanza kupandikizwa na mgonjwa akapona ilikuwa ya pacha. Ilikuwa Boston, tarehe 23 Desemba 1954. Ronald Herrick alimpa ndugu yake Richard, na daktari alikuwa Joseph Murray. Mwili wa Richard haukuikataa kwa sababu haukuona ugeni wowote. Akaishi miaka minane zaidi, akaoa, akapata watoto. Kwa hiyo ukiniuliza kama mtu mwenye vinasaba vyako anaweza kukuongezea umri, jibu ni ndiyo, na njia ni hiyo.

Ila tazama ilivyokuwa. Ronald alikuwa mtu mzima. Madaktari walikaa naye, wakamweleza kuwa mtu mwenye afya anapasuliwa bila kuumwa, wakampa nafasi ya kukataa. Na yeye hakuzaliwa kwa ajili ya figo. Alizaliwa kwa sababu mama yake alipata mimba. Wako angezaliwa akiwa tayari ana deni. Ungemtunza vizuri, sina shaka, ungemlipia shule nzuri na kumkagua mkojo kila mwezi. Na siku akifikisha miaka kumi na minane umkalishe umwambie nini? Akikataa je? Mimi naiona hiyo ni dhambi hata kama mtoto mwenyewe angekubali kwa machozi ya furaha, kwa sababu hakuna aliyemlea isipokuwa anayeihitaji figo yake.

Sayansi yenyewe imeshaiacha njia hiyo. John Gurdon alionyesha mwaka 1962, kwa vyura, kuwa kiini cha seli ya mwili kinaweza kuanza maisha upya. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani akapata namna ya kuirudisha seli ya kawaida iwe kama seli shina bila yai, bila mimba, bila mtoto. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Figo kamili ya kupandikiza haijatoka huko bado, lakini wanaotafuta wanatafutia maabara, si tumboni mwa mtu.

Maana hata tumbo hatujalizungumza. Januari 2018 Wachina wa Shanghai walitangaza nyani wawili wa kloni aina ya makaki, Zhong Zhong na Hua Hua, wazima. Habari ikaenda dunia nzima. Wengi hawakusoma kwamba seli zao zilitoka kwa kijusi, na majike 21 yalipandikizwa ili wapatikane hao wawili. Walipotumia seli za nyani mzima walipandikiza majike 42. Yakashika mimba 22. Wakazaliwa wawili, na wote wakafa muda mfupi baadaye. Wewe ni mtu mzima, Mjomba, kwa hiyo hesabu yako ni hii ya pili.

Nani atakwenda kuwaomba wanawake 42? Utawapata, usiniambie hutawapata. Pesa ikiwekwa mezani watapatikana, na si kutoka nyumba za matajiri. Watadungwa sindano, mimba zitaharibika za miezi miwili, za miezi mitano, nyingine huenda zikakua kupita kiasi maana kloni wa ng'ombe na kondoo mara nyingi huzaliwa wakubwa mno na mapafu hayafanyi kazi vizuri. Kila moja itakuwa na sura yako. Au ulikuwa unamfikiria mkeo, nampa shikamoo yake? Amzae mumewe?

Halafu akishazaliwa ni nani kwetu? Kwa vinasaba ni pacha wako, yaani mtoto wa babu na bibi, kaka wa mama yangu. Nimbebe mgongoni nikimwamkia shikamoo? Kadhi akigawa mirathi, wanao wamhesabu ndugu au baba mdogo? Nimecheka nilipoandika hivyo, lakini masheikh hawakucheka. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lenye makao Jeddah lilikaa mwaka 1997, mwaka uleule habari za Dolly zilipotangazwa, likaharamisha kukloni binadamu na kila njia ya kuingiza mtu wa tatu katika uzazi wa mume na mke. Kanisa Katoliki lilishalikataa tangu 1987, kondoo mwenyewe hajazaliwa. Machi 2005 Umoja wa Mataifa ukapitisha azimio la kuzitaka nchi zizuie jambo hilo: 84 zikakubali, 34 zikakataa, 37 zikakaa kimya. Azimio halimfungi mtu, na waliokataa wengi walikuwa wanatetea utafiti wa tiba. Hakuna aliyesimama kutetea uzee wa mjomba wangu.

Dolly, kwa taarifa yako, alipata baridi yabisi, kisha uvimbe wa mapafu ulioletwa na virusi, akachomwa sindano ya kufa Februari 2003, ana miaka sita. Watu walisema alizaliwa mzee. Sivyo: kondoo wengine wa kloni, wanne wao wakiwa wa seli zilezile zilizomtoa Dolly, walichunguzwa Uingereza wakiwa na miaka saba mpaka tisa, na taarifa ya 2016 ikasema hali zao ni kama za kondoo wenzao. Nakuambia hili ili usidhani nimechagua mabaya tu. Labda siku moja itafanyika kwa binadamu bila mimba kuharibika hata moja. Jibu langu litakuwa lilelile.

Kwa sababu mtoto huyo siku moja atauliza alizaliwa kwa nini. Watoto wote huuliza, na sisi wengine tuna jibu hata kama ni la uongo. Yeye ataonyeshwa picha yako ukutani, na kila akikosea somo ataambiwa mbona mwenzako alifaulu, na akianza kuumwa sukari atajua tarehe aliyoanza kuumwa yule wa kwanza, na ilivyoishia. Wewe hutakuwepo kumjibu. Utakuwa umeniachia mimi.

Mpwa wako,
Muheza