Wifi yangu, kabla hujawaletea watoto sungura

Wifi yangu mpenzi,

Salamu kwako na kwa mumeo, ambaye najua hataisoma barua hii. Atasubiri uimalize wewe halafu akuulize, "Dada kasema nini?" Mwambie nimesema hivi: sungura huyo atakuwa wenu nyinyi wawili, si wa watoto. Mkikubaliana hapo, endeleeni. Mkishindwa, wanunulieni watoto baiskeli.

Sungura anayetunzwa vizuri huishi miaka 8 hadi 12. Piga hesabu ya umri wa mkubwa wako, uone atakuwa wapi sungura huyo akizeeka. Shangazi mtu sisemi kwamba watoto wana hila. Watampenda kweli, na kwa wiki za mwanzo watagombania kumpa maji. Baadaye itabaki sauti yako asubuhi: "Nani kamlisha sungura?" Na kimya. Kwa hiyo jiulize kama wewe mwenyewe unamtaka.

Wanao wamemjua sungura kupitia hadithi, yule mjanja anayewazidi akili fisi na simba. Huyu wa kweli ni mnyama wa kuwindwa na wenzake, na tangu azaliwe mwili wake unajua hivyo. Macho yake yako ubavuni mwa kichwa, anaona karibu pande zote kwa mara moja, isipokuwa kipande kidogo mbele kabisa ya pua yake. Mtoto anayemshushia mkono kutoka juu, au kumsogezea kidole puani, anamtisha bila kukusudia. Akinyanyuliwa ghafla, kwake hiyo ni sawa na kunyakuliwa na mwewe. Hapo hurusha teke la miguu ya nyuma, na misuli ya miguu ile ina nguvu kuliko mifupa yake inavyoweza kustahimili. Sungura huweza kujivunja uti wa mgongo mikononi mwa mtu anayempenda, au akiponyoka na kuanguka.

Ndiyo maana sheria ya kwanza nyumbani iwe hii: mtoto hambebi sungura. Mtoto anakaa chini, anatulia, sungura anamfuata akitaka. Atamnusa magoti, atapanda mapajani, ataondoka, atarudi. Anapaswa kupapaswa paji la uso na mashavu. Tumbo na miguu aachiwe mwenyewe. Ikilazimu kumnyanyua, afanye mtu mzima, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine umebeba makalio, na mwili wake ameuegemeza kwenye kifua chako. Masikio si mpini, hata kama umeona watu wakiwashika hivyo maisha yako yote. Na mtu akikuonyesha kwamba sungura akilazwa chali hutulia kama amelala, usifurahi. Ameganda kwa hofu.

Sasa kuhusu kumchagua. Najua macho yenu yatakimbilia wale wadogo wanaoenea kiganjani. Waacheni. Chukueni sungura mzima, wa mwaka mmoja au zaidi, hasa aliyezoea kukaa na watu. Mtoto wa sungura hujui atakuwa na tabia gani, hujui atakua kiasi gani, na mara nyingi hata muuzaji hana hakika kama ni jike au dume, maana wakiwa wachanga maumbile yao yanafanana sana. Huyo ni mbuzi kwenye gunia. Mkubwa unamwona alivyo. Ila mkiona lazima awe mdogo, basi asiwe chini ya wiki 8, kwani anayetenganishwa na mama yake mapema tumbo humsumbua kirahisi, na sungura wa umri huo hafi polepole.

Ukubwa nao unadanganya. Watu hudhani mtoto mdogo anafaa sungura mdogo. Netherland Dwarf, wale wa kilo moja hivi wenye uso wa mviringo, wengi wana wasiwasi na wepesi wa kukurupuka. Sungura wa kilo 2 hadi 5 mara nyingi ni watulivu zaidi, na uzito wenyewe unawazuia watoto kuwabeba ovyo. New Zealand weupe, ambao wengi huwaona ni wa nyama tu, wana upole ambao haujasifiwa vya kutosha. Wenye masikio ya kulala wanapendeza, sikatai, ila masikio yale hukusanya uchafu na meno yao husumbua zaidi. Angora, wale wa manyoya marefu, usimguse kabisa. Manyoya yale yanataka kuchanwa kila mara, na wewe nywele za mabinti zako tu zinakumaliza.

Mkifika kumwona, msianze kuulizia rangi. Kaeni chini karibu na banda, wewe na watoto, mnyamaze. Anayekuja kunusa ni wenu. Anayejibanza pembeni akipiga chini mguu wa nyuma anawaambia muondoke. Kisha omba aletwe mikononi mwa mwenyewe ili umkague. Angalia upande wa ndani wa miguu ya mbele: sungura hufuta pua kwa miguu hiyo, kwa hiyo mwenye mafua utamkuta manyoya ya hapo yamegandamana, hata kama pua imesafishwa kabla hujafika. Funua mdomo kidogo. Meno ya juu ya mbele yafunike kidogo ya chini, yasiwe yamepinda kwenda nje, maana meno ya sungura hayaachi kukua na yasiposagana yatamziba mdomo. Chungulia masikioni kama kuna magamba ya utitiri. Nyuma pawe pakavu. Choo chake kiwe gololi ngumu, za mviringo, zinazolingana.

Halafu uliza, "Yuko na nani?" Sungura hapendi upweke. Chukueni wawili waliokwisha kuzoeana; wageni ukiwatupa pamoja watapigana hadi damu. Jozi inayopatana vizuri ni dume na jike, lakini hapo wifi usinichekeshe: dume ahasiwe kwanza. Jike hubeba mimba kama siku 30 tu na anaweza kushika nyingine siku ileile aliyozaa. Dume aliyehasiwa naye bado anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo msimrudishe kwa jike haraka. Kama kuna daktari wa mifugo mwenye uzoefu na sungura, jike naye atolewe kizazi, si kwa uzazi tu bali kwa sababu saratani ya kizazi huwapata sana wakishakuwa watu wazima. Huyo daktari mtafuteni kabla ya sungura. Wengi wanajua ng'ombe na mbwa vizuri sana, sungura hapana.

Chakula nitakueleza kwa kifupi, ni nyasi. Mbichi au kavu, usiku na mchana, zisiishe. Nyasi ndizo zinazosaga meno na kusukuma tumbo. Majani mabichi kidogo kila siku, chakula cha vidonge kiasi kidogo tu, na karoti, licha ya picha zote ulizowahi kuona, ni kitamu cha kuonjeshwa kwa sababu ina sukari nyingi. Biskuti za watoto hapana. Sungura hawezi kutapika, alichomeza ndicho alichomeza. Akigoma kula kwa nusu siku, au gololi zikikoma, usingoje kesho, tumbo limesimama na huyo anataka daktari leo. Na usimpe antibiotiki za watoto zilizobaki kabatini. Amoksilini ya kumeza inaweza kumuua.

Utamkuta pia ameinama chini ya tumbo lake akila choo chake mwenyewe. Watoto watapiga kelele. Waambie kile ni choo laini, tofauti na gololi, na lazima akile ndipo apate lishe iliyobaki. Kijana wako wa kati ataisimulia darasa zima, nakuahidi.

Nyaya za umeme zifunikeni, atazikata kama anavyokata majani. Joto ni adui kuliko baridi. Hatoi jasho, hupoza mwili kwa masikio, na siku ikipanda kupita nyuzi 28 awe kivulini penye hewa. Kumwogesha hakuna, anajisafisha mwenyewe.

Banda ni kazi ya kaka, nitaongea naye. Mwambie tu asiweke sakafu ya waya, inachubua nyayo, na liwe refu kiasi cha sungura kuruka mara tatu mfululizo na kusimama wima bila masikio kugusa juu. Na mlango ufungukie nje, wa kutosha mtu mzima kuingiza mabega, maana wa kusafisha ni wewe.

Wabusu watoto.

Wifi yako