Majilio yetu yameliwa na Krismasi

Mhariri,

Kwa miaka kumi na mmoja sasa nabadilisha vitambaa vya madhabahu katika usharika wetu wa Kilutheri. Ni kazi ya Jumamosi jioni, kanisa likiwa tupu, na pasi ikiwa bado ya moto. Zambarau ya Majilio, yaani majuma manne ya kuingoja Krismasi, nyeupe ya Krismasi yenyewe, zambarau tena ya Kwaresima, kisha nyekundu ya Pentekoste, ambayo naitandika tena tarehe 31 Oktoba tunapokumbuka hoja 95 za Martin Luther za mwaka 1517. Kijani ndicho kinachochakaa upesi, maana hukaa karibu nusu mwaka.

Linalonikera ni Desemba. Jumapili ya kwanza ya Majilio, kwenye taji letu la mishumaa minne, mshumaa mmoja tu ndio unaowaka, mitatu inasubiri, lakini kwaya tayari inaimba kuzaliwa! Taji hilo la mishumaa lilianzishwa na mchungaji Mlutheri Johann Hinrich Wichern mjini Hamburg mwaka 1839, kwa ajili ya watoto waliokuwa wakimuuliza kila siku Krismasi itafika lini. Yeye aliwafundisha watoto kuhesabu siku. Sisi watu wazima tunashindwa kungoja majuma manne.

Nimeshalisema kwenye kikao cha wazee wa kanisa, nikaambiwa vijana wanapenda shangwe. Sawa. Ila mwaka jana aliyeniuliza kwa nini tumeuruka mshumaa wa tatu alikuwa mtoto wa Shule ya Jumapili.

Mtunza madhabahu