Barua ya wazi kwa vijana mnaotaka kuwa wapishi wa bia

Wanangu,

Wengi wenu mmefika kwangu hapa Moshi kuniuliza namna ya kuingia katika upishi wa bia, hasa katika viwanda hivi vidogo vinavyopika lita mia chache au elfu moja kwa mkupuo mmoja, na kwa kuwa nimekuwa nikimjibu kila mmoja maneno yaleyale, nimeona heri niwaandikie wote kwa pamoja. Kazi hii nimeifanya miaka 32, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliimaliza nikiosha matangi, mabomba na vali, wala si nikionja bia. Asiyependa ndoo na brashi atafute kazi nyingine mapema.

Bibi yangu kule Marangu alikuwa mpika mbege. Alichemsha ndizi mbivu, akaziacha zichachuke siku kadhaa, akachuja, akachanganya na uji wa kimea cha ulezi, na uchungu akautoa katika gome la msesewe. Wanywaji walipobisha hodi kabla ya wakati, hata wakiwa na fedha mkononi, aliwajibu neno moja tu: bado. Mimi nilisomea hamira kwenye vitabu na maabara, lakini neno hilo lilinichukua miaka mingi kulitamka mbele ya mwenye kiwanda.

Mwaka mmoja, katika kiwanda kidogo nilichokuwa nikikisimamia, mwenye mali alitaka laga, bia ile inayochachuka polepole kwenye ubaridi, iwe mezani kabla ya Krismasi. Bia ilikuwa na siku 9 tu tangini. Asubuhi ya Jumanne nilichota kidogo, nikanusa, nikakutana na harufu ya siagi, waziwazi kabisa. Nilinyamaza, nikaamuru tangi lipoozwe. Sikukuu ilipofika nilisimama pembeni ya ukumbi nikatazama glasi zikirudi jikoni zikiwa nusu, na hakuna mteja aliyelalamika. Walihamia soda tu. Wa kulaumiwa nilikuwa mimi, kwa sababu yule tajiri hakuwa na pua ya kazi hii, mimi nilikuwa nayo.

Harufu ile hutokana na hamira yenyewe. Inapochachua hutoa kitu ambacho baadaye hugeuka kuwa siagi hiyo, kisha ikiachwa na joto la kutosha huifyonza tena na kuimaliza. Ndiyo maana laga inayochachuka kwenye nyuzi 10 au 12 huachiwa ipande hadi 16 au zaidi karibu na mwisho, ikakaa siku mbili tatu kabla ya kupoozwa. Ukiipooza mapema, hamira hulala na siagi hubaki. Msikisie: wekeni sampuli mbili katika glasi zilizofunikwa, moja ikae kwenye maji ya nyuzi 60 kwa nusu saa, kisha ipoozwe na zote zinuswe. Ile iliyopashwa ikinuka siagi, jibu kwa tajiri ni bado.

Jambo la pili ni fomula za kuazima. Mapishi mengi mnayoyapata yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwa nyuzi 100. Arusha yanachemka kwa nyuzi 95 hivi, Nairobi pungufu kidogo, na uchungu wa hopsi, yale maua yanayoipa bia ukali wake, hautoki vilevile, kwa hiyo ongezeni hopsi au muda, na andikeni mlichofanya. Maji ya Arusha nayo yana floridi nyingi sehemu nyingi. Yapimwe kabla hamjanunua hata gunia moja la kimea.

Kuhusu shule, mitihani ya Institute of Brewing and Distilling ya London inaheshimika viwandani, na mwenye uwezo anaweza kwenda Weihenstephan kule Ujerumani. Vyote ni vizuri. Ila anzeni kwa kazi ya chini kabisa, hata ya kubeba machicha, yaani masalia ya kimea kilichokwisha kukamuliwa, kwenda kwa wafugaji, ambayo kwa joto letu hayasubiri siku ya pili.

Na msiingize kichwa katika tangi lililotoka kuchachusha. Hewa ukaa haionekani, hukaa chini, na humwangusha mtu kabla hajaita mwenzake. Hata kama ni kuokota kofia iliyodondoka, tangi lipigwe hewa na lipimwe kwanza, na mtu wa pili asimame mlangoni.

Ulevi nitausema kwa kifupi: kuonja si kunywa, na pua ya jioni baada ya glasi nne haiwezi kuamua chochote.

Mlango wangu uko wazi. Mkipata bia msiyoielewa harufu yake, nileteeni chupa pamoja na daftari lenye tarehe, nyuzi joto za kila siku na jina la hamira. Chupa bila daftari nitaipokea, lakini tutazungumza habari nyingine.

Mzee wenu,
Moshi