Barua ya wazi kwa Waziri wa Makazi: Mpangaji wa bedsita ashtaki wapi?

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mfanyakazi wa usafi katika ofisi moja ya Upper Hill, Nairobi, mama wa watoto wawili, na tangu Jumamosi iliyopita sina nyumba. Nakuandikia kutoka sebuleni kwa mwenzangu wa chama, Kayole. Vyombo vyangu vimepangwa ukutani, na kijana wangu wa Gredi ya 7 anaandikia kazi ya shule juu ya ndoo iliyofunikwa.

Sikufukuzwa kwa kutolipa kodi. Naomba hilo lieleweke kwanza, maana mtu akionekana na godoro barabarani watu huamini alikuwa na deni.

Nilikaa Tassia miaka mitatu, ghorofa ya tano, katika bedsita, yaani chumba kimoja cha kulala, kupikia na kuketi, ambayo taa huwashwa saa sita mchana, kwa sababu ukinyoosha mkono dirishani unagusa ukuta wa jirani. Maji yalifunguliwa siku mbili kwa wiki, siku nyingine tulipandisha mitungi kwa ngazi. Nilivumilia kwa kuwa kodi ilikuwa shilingi 7,500 kwa mwezi. Mwaka jana ikawa 9,000. Mwezi uliopita tukaamka na kukuta karatasi imesukumwa chini ya mlango: kuanzia tarehe moja ni 10,500, asiyeweza atoe notisi. Mshahara wangu ni 24,000 kabla ya makato.

Nikatoa notisi, nikaanza kutafuta. Jumapili tatu nilizunguka Umoja, Kariobangi South na Kayole. Kila ajenti alitaka 500 kabla ya kunionyesha mlango, na pesa hiyo hairudi hata ukikuta chumba kilishachukuliwa. Umoja nilionyeshwa chumba cha 6,500 ambacho choo chake hutumiwa na familia nane. Kwingine keateka, yaani msimamizi wa jengo, aliniuliza mume wangu yuko wapi, niliposema nalea peke yangu akanijibu kuwa mwenye ploti hataki akina mama wa watoto. Hatimaye nikapata bedsita ya 8,000 hapa Kayole. Kodi 8,000, dipoziti 8,000, stima 1,000. Jumla 17,000. Mkononi nilikuwa na 9,500, na kwa mwenye nyumba wa Tassia nilikuwa na dipoziti yangu ya 7,500. Hesabu ilitimia hadi shilingi ya mwisho, na nililala usingizi mzuri usiku wa Ijumaa.

Jumamosi asubuhi pikapu ikiwa imeshapakiwa, keateka alikuja na karatasi. Rangi 4,000. Soketi 1,500. Usafi 2,000. Mheshimiwa, zijumlishe mwenyewe. Zinafika 7,500 kamili, hata shilingi moja haikubaki. Soketi hiyo niliinunua mimi na kulipa fundi mimi, baada ya ile ya zamani kuungua. Na usafi ndiyo kazi ninayoifanya kila siku ya maisha yangu. Nilikiacha chumba kile kikiwa kisafi kuliko nilivyokikuta. Nilimpigia mwenye nyumba mara tisa. Hakushika simu.

Tulifika Kayole saa nane mvua ikinyesha. Nilimsihi keateka wa huko apokee 9,500, nyingine nimletee mwisho wa mwezi. Alisema kuna mwingine amesimama na pesa zote. Nilimwona akipewa funguo. Binti yangu mdogo aliniuliza kama ndiye mgeni wetu.

Kwa Kiswahili dipoziti ni amana. Amana ni kitu cha mtu unachomwekea ili umrudishie. Nimelitafakari neno hilo wiki nzima.

Jumatatu nilikwenda kwa wakili kijana anayeshauri watu bure kanisani kwetu. Alinifungulia Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, iliyotungwa kabla ya Uhuru. Ina baraza lake la kusikiliza wapangaji na wenye nyumba, hata mtu akipandishiwa kodi kiholela. Nikafurahi. Kisha akanionyesha mpaka wake: sheria hiyo haiigusi nyumba ambayo kodi yake inazidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa 2,500 Nairobi ya leo unapata chumba cha mabati. Sisi wengine wa Pipeline, Umoja, Githurai na Zimmerman tumewekwa nje ya mlango. Nilisomewa kwamba ipo pia mahakama ya madai madogo, lakini kila siku ya kwenda kule ni siku ya kukatwa mshahara.

Mswada wa kurekebisha mambo haya uliandikwa mwaka 2021. Bunge lile likamaliza muda wake 2022 mswada ukiwa bado mswada.

Kwa nini kodi zinapanda namna hii, sijui kwa hakika. Nadhani wengi waliobomolewa nyumba kando ya mito baada ya mafuriko ya 2024 walikuja kugombania vyumba vilevile tunavyotafuta. Wenye nyumba wanataja mikopo ya benki na ushuru. Lakini ushuru wa mapato ya kodi za nyumba ulishushwa kutoka asilimia 10 hadi 7.5 mnamo Januari 2024, na mwaka uliofuata kodi yangu ikapanda.

Mheshimiwa, mwaka 2017 serikali iliyokuwepo ilituahidi nyumba 500,000 katika miaka mitano. Katika kampeni za 2022 tukaahidiwa 250,000 kila mwaka. Mei 2025 niliwaona kwenye runinga watu wa mtaa wa mabanda wa Mukuru wakikabidhiwa nyumba 1,080, nikafurahi nao kwa moyo wote, kwa sababu namjua mama mmoja wa pale aliyeishi na maji taka mlangoni. Tangu Machi 2024 na mimi nakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba hizo. Ni shilingi 360 kila mwezi, na mwajiri wangu anaweka 360 nyingine. Silalamikii kuchangia. Ila mpaka zamu yangu ifike, nitapanga. Wanangu huenda wakamaliza shule wakiwa wapangaji. Katiba, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa, na haikusema kwamba haki hiyo huanza siku anapopewa funguo za nyumba ya serikali.

Kwa hiyo siombi nyumba. Naomba ile 2,500 ibadilishwe. Iandikwe kiwango kinacholingana na kodi tunazolipa sasa, ili mtu wa bedsita ya 8,000 au 10,000 awe na pa kupeleka karatasi kama hii niliyopewa. Mswada upelekwe tena Bungeni, na dipoziti itajwe humo kwa jina lake: irudishwe lini, na nani athibitishe huo uharibifu. Kama yote hayawezekani mwaka huu, basi hiyo 2,500 peke yake. Tafadhali, hiyo 2,500.

Karatasi ya keateka ninayo, pamoja na risiti ya soketi. Nitazileta ofisini kwako siku utakayoniita. Naomba iwe Jumamosi, kwa sababu siku nyingine nikikosa kazini nakatwa.

Wako mwaminifu,
Aliyekuwa mpangaji wa Tassia