Dada wa vibua, Mwanakwerekwe, ahsante

Miaka mitatu baada ya operesheni ya kupunguza tumbo, kilo 11 zilinirudia. Nilikula kidogo, lakini juisi ya miwa na visheti havikai tumboni, vinapita tu bila kushibisha, nikawa navirudia. Nikaona haya kurudi kliniki.

Nilipomweleza dada mmoja muuza samaki sokoni Mwanakwerekwe, hakunicheka. Mdogo wake alifanyiwa operesheni kama yangu. Kila asubuhi akaniwekea vibua viwili, keshavipara: nianze samaki, wali baadaye, maji nusu saa baada ya kula. Siku ya kliniki alifunika meza yake kwa gunia, biashara ikalala, akakaa nami kwenye benchi mpaka nikaitwa.

Kilo 6 zimetoka. Mwenye ndugu anayejificha kwa aibu, amsindikize hivyo. Dada, Mungu akulipe. Kesho nakuja kuchukua vibua vyangu.