Kwa nini hatubadilishi washa za nozeli bila kushusha sampo

Wiki iliyopita mteja ametuambia usoni kwamba tunamtafutia kazi ili tumlie pesa, na si wa kwanza mwaka huu. Alileta pikapu ya dizeli aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Asubuhi inagonga, na ukiisikiliza karibu na boneti inatoa sauti ya chu, chu, chu inayopungua injini ikishapata joto. Tukamwandikia kazi mbili kwa pamoja: kubadilisha washa za nozeli (pete ndogo zinazoziba chini ya nozeli, yaani vinyunyizi vya dizeli), na kushusha sampo (bakuli la oili chini ya injini) ili kusafisha chujio la kunyonyea oili. Ya kwanza akaikubali, ya pili akaikata kwa kalamu. "Gari langu linavuja juu, nyie mnataka kufungua chini. Kwa nini?"

Ni swali la haki, ila pale kaunta simu zinalia na watu wanasubiri, hatukulijibu vizuri. Tunalijibu hapa.

Kila nozeli imekaa juu ya silinda yake, na mguuni pake kuna washa ndogo ya shaba. Washa hiyo ndiyo inayozuia moto wa silinda usipenye pembeni ya nozeli. Ikichoka, gesi ya moto inapanda mpaka chini ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini, inakutana na oili na kuikaanga. Oili iliyokaangwa inakuwa nzito kama lami, kisha inaacha punje nyeusi ngumu. Punje zinateremka pamoja na oili hadi kwenye sampo, pampu inazivuta, nazo zinanasa kwenye wavu wa chujio. Kwa hiyo kuvuja kumeanzia juu, lakini uchafu wake uko chini, na unabaki huko hata ukiweka washa mpya za bei gani.

Mafundi wengi wameujua ugonjwa huu kupitia 1KD-FTV, ile injini ya Toyota ya lita 3.0 iliyofungwa kwenye Hilux nyingi za kati ya 2005 na 2015, na pia kwenye Prado na Hiace. Tunaiheshimu sana injini hii. Ina nguvu, inabeba mzigo, na ikitunzwa inaenda mbali. Udhaifu wake upo kwenye washa hizo, na dawa yake inajulikana. Kinachoiua ni kuitibu nusu.

Kuna mzee mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alituomba tumfanyie washa tu kwa sababu alikuwa na safari. Tukamkubalia. Injini ikatulia, ile sauti ikaisha, akaondoka akishukuru. Wiki chache baadaye gari lilirudi likivutwa kwa kamba, injini imenoki. Tulipofungua sampo, wavu wa chujio ulikuwa umezibwa karibu wote, kumebaki upenyo mdogo upande mmoja. Biringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, zilikuwa zimekwanguka mpaka chuma cha ndani. Mzee alituuliza swali moja tu: "Mlijua?" Tulijua. Tulimwambia kwa mdomo, yeye akasisitiza, sisi tukalegeza. Tangu siku ile hatufanyi nusu ya kazi hii kwa mtu yeyote, awe rafiki, awe ndugu. Asiyetaka sampo ishushwe tunamshauri atafute fundi mwingine, na tunasema hivyo kwa heshima.

Wengine hutuambia kwamba taa ya oili haijawaka, kwa hiyo hakuna shida. Taa ile huwaka presha ikishaanguka kabisa. Kabla ya hapo turbo na biringi zinakuwa zimeshakaa na njaa ya oili muda mrefu. Dalili ya mapema zaidi ni kuangalia taa hiyo unapowasha gari asubuhi: ikikawia kuzimika kuliko ilivyokuwa ikifanya zamani, acha kuendesha, mpigie fundi.

Njia ya mkato inayopendwa kuliko zote ni dawa ya kusafishia injini, ile ya kumimina kwenye oili na kuacha injini iungurume dakika kadhaa kabla ya kumwaga. Kwenye injini ambayo haijawahi kuvuja, sina ugomvi nayo. Kwenye injini yenye punje kwenye sampo ni hatari kubwa, kwa sababu inabandua uchafu uliokuwa umeganda pembeni na kuupeleka wote kwenye chujio kwa wakati mmoja. Tumepokea gari lililokuwa linatembea vizuri, mwenyewe akamimina dawa jioni, kesho yake halikufika alikokuwa anakwenda.

Njia ya pili ni kuchoma washa za zamani kwa moto ili shaba ilainike, kisha kuzirudisha. Sisi hatufanyi hivyo. Washa iliyokwisha kubanwa imeshapungua unene na ina alama za kukaa kwake. Na washa mpya peke yake haitoshi: lazima kikalio chake ndani ya hedi, ile sehemu inayofunika silinda, kisafishwe mpaka king'ae, maana kipande kidogo cha masizi kikibaki chini ya washa, gesi itapita hapohapo tena. Baada ya hapo nozeli zinafungwa kwa spana ya kupimia nguvu, si kwa mkono uliozoea. Kusafisha vikalio vinne kwa subira ndiyo sehemu ya kazi inayotula muda mwingi, na mteja haioni, kwa sababu gari likifungwa linafanana na lile alilolileta. Ndiyo maana siku hizi tunampa mteja washa zake za zamani kwenye mfuko, na tunampigia picha chujio kabla na baada.

Kuhusu nozeli zenyewe. Injini hizi zinasukuma dizeli kwa presha inayofika karibu bar 1,600. Kila nozeli imeandikwa namba yake ya fidia, na namba hiyo inapaswa kuingizwa kwenye kompyuta ya gari ili ijue nozeli hii inatoa dizeli kiasi gani. Mtu akinunua nozeli za kuokoteza kwenye injini nyingine, akazifunga bila kuingiza namba, gari litawaka, lakini litatingishika, litatoa moshi, na nozeli inayomwaga kupita kiasi inaweza kuunguza pistoni. Anayesema "mbona fulani alinifungia kwa nusu ya bei yenu" amuulize huyo fulani kama namba ziliingizwa.

Sasa kwa wewe ambaye bado hujanunua. Malalamiko mengine tunayopata ni kuhusu gharama ya ukaguzi: "Umelitazama tu, unanitoza?" Ukaguzi wetu huanza injini ikiwa baridi kabisa, kwa sababu washa zinazovuja hujificha injini ikipata moto. Ukifika kwa muuzaji ukakuta boneti ina joto, omba urudi kesho. Tunasikiliza mwako wa kwanza, tunatazama rangi ya moshi, tunafungua kifuniko cha oili kuona kama pumzi inasukuma. Tunavuta stiki ya kupimia oili: oili ya dizeli kuwa nyeusi ni kawaida, lakini ikiwa imepanda juu ya alama na inanuka dizeli, kuna dizeli inavujia ndani. Kwenye redieta tunaweka kile kipimo cha maji ya buluu yanayogeuka kijani au njano gesi ya silinda ikiwa imeingia kwenye maji. Tunasoma kwenye kompyuta ya gari inasahihisha dizeli ya kila silinda kwa kiasi gani, na tunapima dizeli inayorudi kutoka kila nozeli. Mkanda wa taiming tunauliza ulibadilishwa lini, maana kwa 1KD muda wake ni kilomita 150,000, na ukikatika valvu zinagongana na pistoni.

Kijana mmoja aliona saa zote hizo ni nyingi. Akanunua pikapu iliyooshwa injini ikang'aa kama mpya. Alipotuletea, tulitoa kifuniko cha juu tukakuta lami nyeusi imezunguka nozeli mbili. Gharama ya ukaguzi isingefika hata sehemu ndogo ya alichokuja kulipa, na ilituuma kumwambia, kwa sababu alikuwa amenunua gari lile la kufanyia kazi.

Kama umeshanunua, hulazimiki kuiogopa injini hii. Fanya washa na sampo mara moja, vizuri, kisha mwaga oili mapema kuliko ulivyozoea na ubadilishe filta yake kila mara. Mwaga maji kwenye filta ya dizeli. Tega sikio kila asubuhi. Ile chu, chu ikirudi, usingoje mwisho wa mwezi.

Na unapotuletea gari kwa kazi hii, lilete jioni lilale hapa. Tunataka kuliwasha wenyewe asubuhi, likiwa baridi, wewe ukiwa umesimama pembeni unasikia tunachosikia.